Buti za kutembelea msitu wenye mvua: jozi tatu nilizovaa Kakamega

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, upande wa Isecheno. Wanaokuja kutazama ndege tunaondoka nao saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa umelowesha nyasi hadi magotini, na ikifika alasiri mara nyingi mvua inatukuta njiani. Kwa miaka minne nimevaa jozi tatu za viatu vya maji. Mbili zilinila hela bure, na sitaki mwingine azitupe kama nilivyozitupa mimi.

Jozi ya kwanza niliitoa soko la Kibuye, Kisumu, kwenye mitumba. Buti za kupanda mlima, ngozi nzuri, soli nene ambayo ni wazi haikuwa imekanyaga njia. Muuzaji alitaka 5,000, tukaelewana 3,500. Nilizivaa wiki sita. Siku moja tukishuka kilima cha Lirhanda nikasikia kisigino cha kulia kinapiga chini vibaya. Kuinua mguu, soli imeachama kama mdomo. Ule mpira mwepesi ulioko kati ya soli ya chini na ngozi ulikuwa unamomonyoka kama mandazi ya juzi, na nilipousugua kwa kidole ukageuka unga wa kijivu. Nilifungua kamba za viatu, nikazizungushia soli, nikarudi nikiburuta mguu mbele ya wageni.

Fundi wa viatu pale Shinyalu aliishika, akaigeuza, akanirudishia. "Binti yangu, hapa hakuna pa kushika sindano wala gundi. Hii haikuchakaa, imeoza."

"Lakini mzee, si ni mpya?"

"Ndiyo shida yake. Imelala mahali miaka mingi."

Alisema kweli. Soli nyingi za buti za kutembelea zina tabaka la kati la poliyurethani, ndio ule mpira mwepesi, linalofanya kiatu kiwe chepesi na chenye kudunda. Poliyurethani hunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo, na unyevu huo huivunja kutoka ndani hata kiatu kikiwa kimewekwa tu kabatini. Joto huharakisha mambo. Kwa hiyo soli isiyochakaa sokoni isikudanganye. Mimi sasa nabonyeza tabaka la kati kwa ukucha, kisha naikunja buti mara kadhaa. Nikiona nyufa ndogo, au kidole kikanata, naondoka hata bei iwe tamu namna gani.

Buti hizo zilikuwa pia na ule utando wa ndani, wa aina ya Gore-Tex, unaozuia maji ya nje na kuacha mvuke wa jasho utoke. Unafanya kazi, sikatai. Ila kitambaa cha nje kikishalowa na tope jekundu likaziba kila mahali, mvuke hauna pa kupitia, na mguu unalowa kwa jasho lake wenyewe. Na maji yakiingia kwa juu ukivuka kijito, utando huohuo unayazuia yasitoke. Kukausha kulinichukua siku mbili nzima, na mimi kesho yake nina wageni.

Jozi ya pili ilikuwa gambuti za plastiki, shilingi 700. Sina mengi ya kusema: zilikuwa ngumu asubuhi ya baridi, na kabla msimu wa mvua haujaisha zikapasuka pale vidole vinapokunjia.

Ya tatu ndiyo ninayovaa hadi leo, misimu miwili ya masika sasa: gambuti za mpira asilia, shilingi 1,900. Ukizikunja zinalainika na kurudi zilivyokuwa, hazibaki na mstari mweupe kwenye mkunjo. Ukikuta ungaunga mweupe juu ya mpira wa namna hii usiogope, hutoka wenyewe kwenye mpira asilia uliokaa dukani. Pangusa na kitambaa. Siku ya kwanza nilizijaza gazeti kavu nikazisimamisha ndani ya karai la maji usiku kucha. Asubuhi gazeti lilikuwa linapiga kelele kwa ukavu.

Kilichonifurahisha zaidi ni meno ya soli. Ni marefu na yameachana, udongo unadondoka wenyewe kila hatua. Meno yaliyobanana hujaa tope hatua kumi tu, na hapo unateleza kama uliyevaa sahani. Siafu nao, ambao mvua ikinyesha hukatiza njia kwa maelfu, hawapati mwanya nikichomeka suruali ndani. Mvua ikianza naitoa nje tena, maana suruali iliyochomekwa huteremsha maji yote ndani ya gambuti.

Kasoro zipo. Saa sita mchana miguu inachemka. Kisigino huchezacheza, na wiki ya kwanza nilipata malengelenge mawili makubwa, hadi nilipoanza kuvaa soksi nene za sufu. Mimi huvaa 38, nilinunua 39 kwa ajili ya soksi hizo. Gambuti nazikausha kivulini, nimezipindua juu ya vijiti viwili nyuma ya jikoni, kwa sababu jua kali hupasua mpira.

Ila Lirhanda sipandi nazo. Kwenye mteremko wenye mawe hazishiki kifundo cha mguu kabisa. Kwa safari hiyo nimemwachia fundi wa Shinyalu buti kuukuu ya ngozi, ya soli iliyoshonwa, ambayo ulimi wake umeungwa pembeni hadi juu ili maji yasipenye kwenye kamba. Soli ameshaing'oa, anaweka ya mpira mtupu. Ameniambia nirudi Jumamosi.