Ukuta umeziba njia ya pwani: Mahakama ya Ardhi au ZEMA?

Mwekezaji akijenga ukuta ufukweni, Unguja au Pemba, kuna milango miwili, na wengi hubisha usio wao.

Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Nambari 7 ya 1994, huamua haki: eneo ni la nani, mpaka unapita wapi. Nenda na hati ya matumizi ya ardhi au mkataba wa mauziano, mashahidi wanaoujua mpaka, na picha zenye tarehe. Kuonesha minazi yako hakutoshi. Zanzibar mti unaweza kuwa wako na ardhi ikawa ya mwengine, na hapo madai mazuri huvunjika. Kosa kubwa zaidi ni kufungua kesi bila ya kuomba zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi hadi kesi iamuliwe. Ombi hilo huwa na hati yake ya kiapo, ieleze madhara ambayo pesa haiwezi kuyafidia: chanzo cha maji kufukiwa, kwa mfano. Bila ya zuio, kesi inaahirishwa na matofali yanapanda.

ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ya Sheria Nambari 3 ya 2015, haihitaji uwe mwenye ardhi. Swali lake ni kama mradi una cheti cha mazingira na unafuata masharti yake: je, mikoko imekatwa? Fidia ya shamba usiitegemee huko.

Tingatinga likishaingia, anza ZEMA, kwa maandishi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa; mahakamani ni kielelezo.