Huduma ya Kutafuta Nasaba Ngamiani: Nakala Safi, Tafsiri Mbovu

Kwa miezi minne sasa nimekuwa mteja wa steshenari moja ya Ngamiani, hapa Tanga, ambayo mbali na kutoa nakala, kupiga picha za pasipoti na kuchapa barua za maombi ya kazi, imeanzisha huduma ya kutafuta nasaba za familia. Jina la duka na la mwenyewe nitayahifadhi, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyaeleza ni malalamiko na kijana mwenyewe bado anajifunza kazi. Hata hivyo, wakazi wa mji huu wanaofikiria kumpelekea karatasi za wazee wao wana haki ya kujua watapata nini kwa fedha yao, hasa ikiwa mzee anayetafutwa alikuwa mtu wa sarakasi, mazingaombwe au maonesho mengine ya jukwaani, kama alivyokuwa wetu.

Katika ukoo wetu husimuliwa kwamba baba mkubwa wa bibi yangu aliondoka Tanga akiwa kijana, wakati wa Mjerumani, akaishia Ulaya akicheza sarakasi. Hakurudi. Kilichorudi ni kadi moja ya posta, ambayo bibi ameitunza ndani ya kopo la biskuti pamoja na hati ya kiwanja. Upande wa mbele kuna kijana aliyevaa tarbushi na kizibao cha kutarizi, amesimama juu ya pipa lililolazwa. Juu ya paji la uso wake umesimama ufito, na juu ya ufito kuna sinia lenye vikombe. Chini ya picha limechapwa jina la jukwaani lenye cheo cha Kapteni, ingawa hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuvaa hata utepe mmoja begani. Nyuma kuna mstari wa wima unaotenga nafasi ya anwani na nafasi ya ujumbe, mhuri wa posta uliofifia, na maneno machache ya Kijerumani yaliyoandikwa kwa wino, mojawapo likiwa ni Artist.

Malipo ya awamu ya kwanza yalikuwa shilingi 150,000, na ahadi ilikuwa ripoti ndani ya wiki tatu. Nianze na yale yaliyonifurahisha, maana ni ya kweli. Kijana yule alinawa mikono na kuikausha kabla ya kuigusa kadi, akaishika kwa kingo zake, akaiskani pande zote mbili kwa ukubwa uliowezesha nyuzi za tarizi kuhesabika, kisha akairudisha ndani ya bahasha mpya siku ile ile. Wapo mafundi wa picha mjini humu ambao wangeibandika gundi. Swali lake la kwanza lilinichekesha kidogo: aliposikia neno sarakasi aliuliza kama mzee alikuwa miongoni mwa vijana 20 wa Tanzania waliopelekwa China mwaka 1965 kujifunza fani hiyo. Si swali la kijinga, kwa kuwa sarakasi tunayoijua leo, ile inayofundishwa hata katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ina mizizi yake hapo. Ila mzee wetu, kama angekuwa hai mwaka huo, angekuwa na umri wa kutembelea mkongojo.

Bora zaidi ni namna alivyozungumza na bibi. Alikuja nyumbani baada ya alasiri, akaamkia, akapokea chai, akakaa karibu nusu saa bila kutoa simu ya kurekodia. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa nikimuuliza bibi maswali ya majina na miaka, naye alikuwa akinijibu, "Mjukuu wangu, hayo waliyajua waliokwisha kufa." Kijana aliuliza jambo jingine kabisa: "Bibi, kabla hajasafiri, mtaani alikuwa akifanya kazi gani?" Bibi akajibu papo hapo kwamba baba yake alimhadithia kuwa kaka yake huyo alikuwa akiuza kahawa, na kwenye arusi alikuwa akitembea juu ya gogo huku sinia la vikombe likiwa kichwani, mikono nyuma, na tone halimwagiki. Nilitazama tena ile picha ya pipa na ufito. Kwa dakika zile peke yake naona nililipa shilingi 150,000 kwa haki.

Ripoti ilipokuja, ikiwa na kurasa 31 zilizojalidiwa vizuri, mambo yakabadilika.

Kosa la kwanza ni la majina. Fomu yake, ambayo nadhani aliichukua katika tovuti ya kigeni, inadai jina la kwanza na jina la ukoo, naye akaliweka jina la baba wa mzee, lililofuata neno bin, mahali pa jina la ukoo. Kompyuta ikamletea watu 14 wenye majina yanayofanana, wengi wao wakiwa wa Unguja na mmoja wa Uturuki, na wote 14 wakaingizwa katika ripoti kama "wanaowezekana". Mtu wa pwani aliyeishi Ujerumani hapatikani kwa njia hiyo. Mfano ulio wazi ni wa Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, ambaye alifika Berlin mwaka 1929 na kujulikana huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu nyingi, na hatimaye akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Anayemtafuta kwa kuandika "bin Adam" hamwoni. Anayefuata kazi zake, mkataba kwa mkataba, anamwona. Pamoja na hayo, masikio ya Kijerumani yaliandika yalivyosikia: Juma anaweza kuwa Dschuma, na sh yetu huandikwa sch. Ripoti haikujaribu hata tahajia moja ya namna hiyo.

Kosa la pili ndilo lililonikera. Neno Artist lilitafsiriwa kuwa "mchoraji", na juu ya tafsiri hiyo zikajengwa kurasa mbili za dhana kuhusu mzee wetu kusomea uchoraji. Kwa Kijerumani Artist ni mtu wa sarakasi au wa jukwaa la maonesho mchanganyiko: mwenye kutembea juu ya kamba, mwenye viungo laini, mrusha visu, mchezaji wa mizani kama yule wa sinia. Mchoraji ana neno lake jingine. Katika safari yote ya kadi ile kutoka Ulaya hadi kopo la biskuti, hilo lilikuwa ndilo neno moja lililotuambia kazi yake waziwazi, nalo likafutwa na programu ya kutafsiri, wakati picha ya pipa na ufito ipo upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo.

Kuna pia suala la mhuri. Herufi zinazosomeka ni za mwisho, BURG, na ripoti ikaamua mara moja kwamba ni Hamburg, kisha ikatumia kurasa sita kupekua orodha za abiria wa bandari hiyo. Orodha maarufu za Hamburg, za kuanzia 1850 hadi 1934, ni za watu waliokuwa wakiondoka Hamburg kwenda ng'ambo. Hazimhusu aliyekuwa akiingia. Zaidi ya hayo, katika nakala nzuri aliyoitengeneza kijana mwenyewe, ukiikuza, herufi inayotangulia BURG ni E, na Hamburg haina E hapo. Magdeburg inayo, na miji mingine kadhaa inayo.

Halafu ipo sura nzima kuhusu maonesho ya kikoloni ya mwaka 1896 katika bustani ya Treptow, Berlin, ambako zaidi ya watu 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, wakiwemo Waswahili na Wamasai, waliwekwa mbele ya umma kuanzia Mei hadi Oktoba. Sura imeandikwa kwa hisia nzuri, na wenye ndugu waliokwenda huko wangefaidika nayo, kwani jumba la makumbusho la Treptow limekuwa na maonesho ya kudumu tangu 2017 yanayojaribu kurudisha majina na maisha ya watu hao. Mzee wetu hakuwemo. Mwaka 1896 alikuwa mtoto, na kadi yenyewe inakataa: posta ya Ujerumani iliruhusu kadi zenye mgongo uliogawanywa kwa mstari kuanzia 1905 tu. Isitoshe, mwaka 1901 serikali ya Ujerumani ilipiga marufuku kuwachukua watu wa makoloni yake kwa ajili ya maonesho. Kwa hiyo kijana wa Tanga aliyeonekana jukwaani baada ya hapo ana uwezekano mkubwa wa kuwa aliondoka kwa jina la kazi nyingine, kama boi wa bwana fulani au baharia katika meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoundwa mwaka 1890 na ambayo meli zake zilitia nanga hapa kwetu, ndipo akageukia sarakasi akiwa huko huko. Marufuku hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa mlango wa utafiti, na ripoti haikuitaja.

Nilirudi dukani na kurasa zangu zilizojaa kalamu nyekundu. Hapa tena sina budi kumsifu, kwa sababu hakubisha wala hakuomba nyongeza ya fedha. Alisikiliza, akaandika, akaniomba tukae pamoja mbele ya kompyuta Jumamosi mbili. Tuliacha jina la mzazi, tukachukua jina la jukwaani, tukaingia katika magazeti. Hazina kubwa zaidi ni za bure: lango la magazeti la Deutsche Digitale Bibliothek, lililofunguliwa mwaka 2021, na mkusanyiko wa ANNO wa maktaba ya taifa ya Austria, ambao ni muhimu kwa kuwa vikundi vya sarakasi havikujali mpaka kati ya Ujerumani na Austria. Vitabu vya anwani vya Berlin, hadi mwaka 1943, navyo vinasomeka bila malipo, na kazi ya mtu huandikwa pembeni ya jina lake. Yale ya Kiingereza, kama The Era, lililokuwa gazeti la watu wa majukwaa jijini London hadi 1939, yamo katika hifadhi ya kulipia, na kwa hilo nilimwambia asubiri mpaka tupate dalili kwamba mzee alivuka kwenda Uingereza.

Mambo mawili tuliyajifunza kwa kuumia macho. Magazeti ya zamani ya Kijerumani yalichapwa kwa herufi za mikunjo, ambamo s ndefu hufanana na f, na programu inayosoma kurasa zilizoskaniwa huzichanganya. Jina lenye s litafutwe mara ya pili kwa f. Jingine ni kwamba majumba ya maonesho mchanganyiko mara nyingi yalibadilisha ratiba tarehe 1 na tarehe 16 ya mwezi, kwa hiyo ni busara kuanza na matangazo ya siku zinazokaribia tarehe hizo kabla ya kupekua mwezi mzima. Kwa njia hiyo tulilikuta lile jina la Kapteni mara mbili, mara zote mbili katika tangazo la mistari michache, chini ya mbwa wanaohesabu na juu ya mwimba vichekesho. Sijaandika popote kwamba ni yeye. Majina ya jukwaani yalikopeshwa, yaliuzwa na kurithiwa, na asili iliyotangazwa ilikuwa mara nyingi ya kutungwa, hivyo Kapteni wa tangazo anaweza kuwa mtu asiyewahi kuiona Tanga. Kinachonipa moyo ni neno moja katika tangazo la pili, linalosema kuwa anacheza na vikombe.

Kwa anayetaka kunakilishiwa picha za zamani, au kuhifadhi sauti za wazee kwa adabu na subira, naipendekeza huduma hii bila kusita, na bei yake ni ya haki. Kwa utafiti wa Ulaya, mteja aende akijua kwamba kazi kubwa ataifanya yeye, na asikubali tafsiri yoyote ya Kijerumani kabla haijapitiwa na msomaji wa lugha hiyo. Ningemshauri pia mwenye duka aanze na vilivyo karibu: picha za mji wa enzi zile zilizomo katika makumbusho ya Urithi, ndani ya boma la zamani, na mafaili ya Kijerumani yaliyopo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Wapo pia watu waliofia Ujerumani, ambao hati zao za kifo huwa wazi kwa wote baada ya miaka 30; kwa mzee wetu ombi la namna hiyo limekwisha kutumwa Magdeburg, kwa barua niliyoilipia shilingi 5,000 za kuchapa.

Ripoti iliyosahihishwa nimeipokea juzi. Majina 14 yameondolewa, sura ya 1896 imepunguzwa hadi aya moja, na mazungumzo ya bibi yamewekwa mwanzoni kama nilivyoomba. Katika ukurasa wa 9, ndani ya kisanduku cha mti wa ukoo, chini ya jina la mzee, bado imeandikwa "Kazi: mchoraji". Bibi hasomi bila miwani, kwa hiyo hajaiona. Kijana ameahidi kuuchapa upya ukurasa huo Jumatatu.