Clouser kwa flathedi: chambo kizuri, ila kirekebishe kabla ya kukitupa majini

Clouser ni chambo cha manyoya kilichobuniwa miaka ya 1980 na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, kwa ajili ya samaki wa mtoni. Pamoja na hayo, ni vigumu kupata kinachomfaa zaidi flathedi, yule samaki wa kichwa bapa anayejifukia mchangani kwenye milango ya mito ya mashariki mwa Australia, toka Queensland hadi Mallacoota kule Victoria. Flathedi huvizia akiwa amelala chini. Chambo kinachopita juu sana hahangaiki nacho.

Nguvu ya Clouser iko kwenye macho ya chuma yaliyofungwa juu ya shina la ndoano. Uzito wake hukipindua chambo, ncha ikatazama juu, kikawa kinarukaruka mchangani bila kunasa ovyo. Kwenye nyasi bahari bado hukusanya majani, na chenye jani hata moja hakiliwi. Kikague kila unapokivuta.

Vile vya dukani vina kasoro tatu. Manyoya huwa mengi mno, hivyo huzama polepole: punguza karibu nusu kwa mkasi. Macho huzunguka kwenye shina, na yakizunguka chambo huogelea kiubavu: tia tone la gundi kali kwenye mafundo kabla ya kwenda kuvua. Ndoano za bei rahisi huota kutu, na mchanga huzifanya butu. Tembea na tupa ndogo ya kunolea. Ndoano ya ukubwa wa 1/0 inatosha. Kwa maji yasiyozidi mita moja na nusu, macho ya gramu 1 yanafaa. Penye mkondo, nenda gramu 2. Maji yakizidi mita nne na yanakwenda kasi, Clouser haifai tena, tumia chambo cha mpira.

Ufito wa kuvulia wa namba 8 (namba hufuata uzito wa mshipi unaorushwa nao) unakimudu, pamoja na mshipi unaozama taratibu na mita 2 za fluorokaboni, uzi mwangavu wa kufungia chambo, inayohimili kilo 8 hadi 9. Nyembamba zaidi ya hapo husagwa na meno. Funga kwa fundo la kitanzi ili chambo kicheze. Kurusha ndiko kwenye hatari: macho yakigonga ufito wa kaboni huacha ufa usioonekana, nao ufito huvunjika siku nyingine. Rusha kwa duara pana, upepo ukiwa upande wa mkono usioshika ufito, na usivue kofia wala miwani.

Saa mbili za mwisho za maji kupwa ndizo bora, hasa pale vijito vinapomwagika kutoka kwenye mafungu ya mchanga na kuleta kamba na visamaki. Ncha ya ufito iguse maji. Vuta sentimita 30, acha kizame, vuta tena. Flathedi wengi hukamata chambo kinapozama, kwa hiyo mshipi usilegee. Ukisikia uzito, vuta mshipi kwa mkono. Ukiinua ufito unamnyang'anya chambo.

Akifika karibu usimtoe kichwa majini, maana hapo ndipo hutikisa na kukata. Mwingize wavuni angali chini ya maji, na ujihadhari na miiba ya mashavuni. Queensland huruhusu kuchukua flathedi aina ya dusky wa sentimita 40 hadi 75 tu. Wanaozidi hapo ni majike wazazi, warudishwe haraka.