Hewa ya ukaa na chokaa: oksidi mbili, tabia mbili

Juzi hapa Moshi niliwaonyesha wanafunzi wangu oksidi mbili, yaani michanganyiko ya oksijeni na elementi nyingine. Hewa ya ukaa, CO₂, ni ya asidi: ikiyeyuka majini hutoa asidi dhaifu, na litmasi ya buluu, karatasi ya kupimia asidi na besi, huwa nyekundu hafifu. Chokaa ambayo haijatiwa maji, CaO, ni ya besi, kinyume cha asidi. Ukiimwagia maji inatokota, inafuka mvuke, inapasuka na kuwa unga. Litmasi nyekundu inageuka buluu. Angalieni macho, inaunguza! Kufundishia naipenda zaidi, maana joto lile mtoto halisahau. Ila utamu uko zikikutana: puliza pumzi, yenye hewa ya ukaa, kwa mrija kwenye maji maangavu ya chokaa, yanakuwa meupe kama tui. Weupe huo ni kalsiamu kabonati, chumvi isiyoyeyuka. Endelea kupuliza, maji yatatakata tena.