Darubini ya kwanza: achana na stendi ya "ikweta" ukikaa karibu na ikweta

Lalamiko la wanunuzi ni lile lile: darubini ya kioo cha milimita 114 juu ya stendi ya ikweta imefungwa vizuri, Mwezi umeonekana usiku wa kwanza, kisha imerudi kabatini. Fimbo ya uzito inagonga mguu wa stendi, bomba halitulii, na sayari inatoroka kila ukiigusa. Mnunuzi anadhani amekosea kufunga. Hajakosea. Ameuziwa stendi isiyofaa latitudo yake, yaani umbali wake kutoka ikweta kwa nyuzi, na neno "ikweta" kwenye sanduku ndilo lililomvuta.

Stendi hiyo ina mhimili unaopaswa kulala sambamba na mhimili wa Dunia, ili uzungushe kitasa kimoja tu na nyota isikupotee. Joseph von Fraunhofer, yule aliyeorodhesha mistari myeusi ya mwanga wa Jua, ndiye aliyeunda ya namna hii kwa darubini kubwa ya Dorpat, Estonia ya leo, iliyofika huko mwaka 1824. Dorpat iko nyuzi 58 kaskazini, kwa hiyo mhimili unainuka sana na uzito unazunguka mbali na miguu. Pembe ya mhimili ni sawa na latitudo ya mahali ulipo: Dar es Salaam karibu 7, Mombasa 4, Nairobi moja na kidogo. Huku kwetu mhimili unalala karibu bapa. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki kiasi hicho, na zinazoshuka zinagota mguuni.

Ukiwa umeshainunua, geuza stendi ili mwanya kati ya miguu miwili, si mguu wenyewe, uelekee kusini, kwenye ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzunguka. Usifupishe miguu ya upande huo ili kulaza mhimili. Mzigo tayari umeegemea huko, na darubini itaanguka kifudifudi.

Chaguo langu la kwanza ni Sky-Watcher Heritage 130P, na upendeleo huo siufichi. Kioo chake ni milimita 130 na umbali wa fokasi, kutoka kioo hadi mwanga unapokusanyika, ni 650. Gawanya 650 kwa fokasi ya lenzi ya jicho: ya milimita 25 inakuza mara 26 na ya 10 mara 65. Inakaa juu ya kisahani cha mbao kinachozunguka, muundo ulioenezwa na John Dobson kule San Francisco. Unaisukuma kwa mkono, na latitudo haiihusu. Kwa mara 65 utaona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo alianza kuifuatilia Padua Januari 1610, na utaweza kuandika saa ambayo Io, mmoja wao, inazama kwenye kivuli cha sayari hiyo. Kwa kulinganisha saa kama hizo, mwaka 1676 Ole Rømer alitambua kwamba mwanga nao unachukua muda kusafiri.

Ina kasoro zake. Skrubu ya fokasi inalegea na picha inaruka ukiizungusha; zungushia nyuzi zake tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili au mitatu. Sehemu ya juu ya bomba iko wazi, basi izungushie karatasi ngumu nyeusi kuzuia taa za jirani. Ikielekea utosini ni ngumu kuisukuma kushoto na kulia, na nebula ya Orion, lile wingu la gesi, hupita huko huko. Subiri saa moja na nusu, itakuwa imeshuka zaidi ya nyuzi 20. Haina miguu mirefu, lakini usiiweke juu ya meza ya plastiki. Stuli nzito ya mbao au ukuta mfupi wa matofali ndio mahali pake.

La pili ni darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele ni milimita 50. Inyooshee mwangani ukiwa umeishika mbali na macho: vile viduara viwili vya mwanga viwe mviringo kamili. Vikikatwa pembeni, prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni ndogo. Egemea ukuta, maana hata Galileo alilalamika kuwa mapigo ya mishipa na pumzi vinatikisa bomba. Jioni za Januari, mahali penye giza, tazama kusini utafute Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu. Humo ndimo nyota ilipoonekana kulipuka Februari 1987, na kituo cha Kamiokande cha Japani kilinasa nyutrino zake, chembe ndogo mno zisizoonekana, saa chache kabla mwanga haujaonekana.

La tatu ni ya lenzi ya milimita 70 kwenye stendi ya kawaida ya juu-chini. Igonge kidogo dukani uhesabu: mtetemo ukizidi sekunde tatu, iache, au ning'iniza chupa ya maji ya lita tano katikati ya miguu.

Za milimita 50 zilizoandikwa "mara 525" ziache. Ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani mara 100.

Kinachoniudhi kwa wauzaji ni kwamba namba hiyo ya uongo ndiyo wanayoichapa kwa herufi kubwa, lakini pembe ya chini ya stendi haipo popote. Tena wengine bado wanauza lenzi za jicho zenye shina la kipenyo cha milimita 24.5, ambazo huwezi kuzibadilisha kirahisi. Dai za shina la 31.7, upime kwa rula. Kile kichujio cha Jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kitupe siku hiyo hiyo, kwa sababu hupasuka kwa joto jicho likiwa hapo. Na kabla ya kulipia stendi yoyote ya ikweta, muulize muuzaji inashuka hadi nyuzi ngapi, kisha ailaze mbele yako na kuzungusha uzito mzunguko mzima.