Seva ya ofisi ndogo: anza kwa kukagua kumbukumbu (RAM)

Mwaka jana nilinunua Kariakoo mashine iliyobandikwa neno "seva", nikaiwekea Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, na kuikabidhi hifadhidata ya mikopo ya kikundi chetu. Ilikaa siku 143 bila kuzimwa, kisha deni la mwanachama mmoja likabadilika bila mtu kuligusa. Niliilaumu Debian wiki mbili nzima, hadi nilipoiacha Memtest86+, programu ya kupima kumbukumbu, ikipima usiku kucha na kukuta asubuhi kioo kimejaa mistari myekundu ya makosa.

Mifumo endeshi kama Linux na FreeBSD inaweza kukaa miezi mingi bila kuyumba, lakini biti (0 au 1 moja ya data) ikigeuka ndani ya kumbukumbu ya kawaida, mfumo hauna namna ya kujua. Huandika kosa hilo kwenye diski na kuendelea na kazi. Kumbukumbu ya ECC, yaani inayojisahihisha makosa, ya kizazi cha DDR4 huongeza biti 8 kwa kila biti 64 za data, hivyo husahihisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili, na Linux huliripoti kupitia EDAC, sehemu yake ya kufuatilia makosa ya kumbukumbu, ukapata nafasi ya kubadilisha kipande kibovu mapema.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi mapenzi yangu, ni Dell PowerEdge T140, hata iliyotumika. Inatumia ECC, ina nafasi nne za kumbukumbu, na iDRAC, kidhibiti cha Dell kilichomo ndani yake, hukuwezesha kuisimamia ukiwa mbali. Ina pawa saplai moja tu. Anayetaka mbili atazame T340. Nafasi ya pili naipa HPE ProLiant MicroServer Gen10 Plus, ndogo na yenye ECC, ingawa ina nafasi mbili tu za kumbukumbu na hutegemea adapta ya nje. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inayoandika hifadhidata kwenye kadi ya SD siipendekezi kwa hesabu za watu.

Kabla ya kulipa, hesabu vichipu: kipande cha ECC cha DDR4 kwa kawaida huwa na tisa kila upande, cha kawaida nane. Kisha washa Linux kutoka kwenye flashi, uendeshe dmidecode, amri inayoonyesha taarifa za vifaa vya mashine; upana wa jumla wa kumbukumbu (Total Width) usome biti 72, si 64. Inaniuma kwamba wauzaji wengi hukataa mashine kuwashwa mpaka walipwe, na aliyeniuzia yangu alinitoza bei ya ECC kwa vipande vyenye vichipu vinane, kisha akaniambia kumbukumbu haina dhamana.