Giaboksi ya pikipiki ya zamani inavuja oili: kipi kinunuliwe kwanza

Mwenye pikipiki ya zamani jijini Dar es Salaam, iwe Honda CG125 ya miaka ya 1980 au Vespa aliyoachiwa na baba yake, akiona oili sakafuni huenda Kariakoo akiwa na neno moja tu mdomoni: silikoni, ile gundi laini ya kuzibia. Katika mwongozo huu silikoni inashika nafasi ya nne kati ya tano, na sababu zake zitaonekana. Kabla ya kutoa hela yoyote, hata hivyo, sehemu ya chini ya injini inapaswa kuoshwa kwa mafuta ya taa, ikaushwe, kisha ipakwe poda ya watoto. Baada ya mwendo mfupi, tuseme kutoka Mwenge hadi Morocco na kurudi, mchirizi wa oili utaonekana juu ya weupe wa poda, na hapo mtu atajua anakwenda kununua nini. Upepo huisukuma oili nyuma, kwa hiyo palipolowa zaidi mara nyingi sipo panapovuja.

Nafasi ya kwanza naipa sili, yaani pete ya mpira inayoikumbatia shafti ili oili isitoke, hasa ile inayokaa nyuma ya sproketi ndogo ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) na ile ya shafti ya pedeli ya gia, kwa kuwa hizo mbili ndizo zinazopigwa na vumbi na matope kila siku. Sili hainunuliwi kwa jina la pikipiki bali kwa namba zilizochapwa juu yake. Ikiandikwa 20 34 7, maana yake ni milimita 20 za tundu la ndani, 34 za kipenyo cha nje na 7 za unene. Herufi TC zinaonyesha kwamba ina mdomo wa pili wa kuzuia vumbi, na SC kwamba mdomo huo haupo. Muuzaji akisema, “Chukua hii kaka, zinaingiliana,” mwombe venia, upime ile ya zamani mbele yake. Wenye BSA na Triumph za zamani, pikipiki za Kiingereza, wawe waangalifu zaidi, kwa sababu vipimo vyao vingi ni vya inchi: inchi moja na nusu ni milimita 38.1, wala si 38 ya kukadiria kwa macho.

Kuhusu mpira wenyewe, nitraili inatosha kwa giaboksi nyingi, kwani huvumilia joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Vaitoni, mpira wa bei ya juu zaidi, hufika 200, na kwa injini inayopozwa kwa hewa, yenye oili moja ya injini na gia, inayochemka kwenye foleni ya Mandela mchana wa Februari, nyongeza ya bei si hasara. Rangi ya kahawia, hata hivyo, si ushahidi kwamba sili ni ya vaitoni. Sikubaliani pia na wanaotafuta “orijino” iliyokaa kabatini miaka 20 ndani ya boksi lake: ukiukunja mdomo wake taratibu kwa kidole utaona nyufa ndogo kama za ngozi kavu, na sili mpya ya kawaida inaishinda.

Sili mpya haiwezi kuiponya shafti iliyochimbika. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukikwama, tatizo ni shafti, na kwa hewa ya chumvi ya mji huu kutu hufanya kazi hiyo haraka kwenye pikipiki iliyolala muda mrefu. Dawa rahisi ni kuipigilia sili kwa kina kilichopungua kidogo, ili mdomo ukae mahali ambapo hapajaliwa, mradi isizibe njia ya oili. Isipowezekana, ipo bushi nyembamba ya chuma ya kuvisha juu ya shafti, na fundi wa kuchonga vyuma anaweza kusaidia.

Gasketi, ile karatasi ngumu inayobanwa kati ya kava na injini, ni ya pili. Seti iliyokatwa kiwandani ni bora, lakini kwa pikipiki ambayo spea zake zimeadimika, karatasi ya gasketi ya kukata kwa mkono inafaa kabisa, ilimradi unene ulingane na wa zamani. Katika giaboksi nyingine unene huo ndio unaopima uhuru wa shafti ndani, na gasketi nyembamba inaweza kuibana. Mkatazeni fundi asikwangue kava la alumini kwa bisibisi, maana kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa oili.

Washa ya shaba ya boliti ya kumwagia oili nimeiweka ya tatu kwa sababu tu kazi yake ni ndogo. Ya zamani huweza kurudishiwa ulaini kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu na kuitumbukiza majini.

Kisha silikoni. Inafaa pale ambapo kiwanda hakikuweka gasketi, kwa utando mwembamba usiozidi unene wa karatasi. Mimi mwenyewe niliwahi kuipaka kwa ukarimu kwenye kava la klachi, nikajisifu kwa miezi miwili. Nilipolifungua tena nilikuta vipande vyekundu vilivyojikunja kama minyoo vimeshikamana kwenye chujio la oili. Vilivyobanwa nje nilivifuta, vilivyobanwa ndani sikuvikumbuka.

Ya mwisho ni dawa ya kumimina inayodaiwa kuziba uvujaji. Hufanya kazi kwa kuuvimbisha mpira, kwa hiyo haigusi gasketi iliyopasuka wala shafti iliyolika, na pale ambapo klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo inaweza kuifanya iteleze. Nisingeinunua.

Zipo pia pikipiki zisizohitaji kununuliwa chochote. Giaboksi ya Vespa PX huchukua mililita 250 tu za oili ya SAE 30, na aliyemimina nusu lita ataiona ikitoka. Vilevile kagua mpira wa kupumulia: ukiziba, presha huisukuma oili kupitia sili nzima. Wa kwangu ulizibwa na nyigu aliyejenga kiota cha udongo ndani yake, nikauzibua kwa waya wa baiskeli.